Zege au nyasi bandia: maji ya uani yanakwenda wapi?

Mdogo wangu anamalizia nyumba yake Kange, hapa Tanga, na fundi ameshampigia hesabu ya ua: mita 80 za mraba, zege la sentimita 10, mifuko kama 50 ya saruji. "Mwaga zege, umemaliza," ndivyo alivyomwambia. Mdogo wangu anataka nyasi bandia, na tangu alitamke hilo hajapumua. Kaka mkubwa anasema hilo ni zulia la baa. Shangazi anasema nyumba ya mtu mzima haitandikwi plastiki. Nimeombwa ushauri, nikajikuta upande ambao kwetu hauna mtetezi.

Zege lina haki yake. Saruji inatengenezwa hapa hapa Pongwe, mafundi wa kulimwaga wako kila mtaa, gari linakanyaga bila wasiwasi, na siku ya shughuli masufuria ya pilau yanabandikwa mafigani papo hapo. Ukitaka usafi, unapiga fagio basi.

Ninachobishia ni hilo neno "umemaliza".

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Tanga tunapata kama milimita 1,300 kwa mwaka, na sehemu kubwa hutushukia masika, kati ya Machi na Mei. Zidisha kwa mita 80: lita 104,000. Hayo ni matangi 104 ya lita elfu moja, kwa ua mmoja, na paa hujalihesabu. Tuache mwaka mzima, tuchukue siku moja ya mvua kubwa, milimita 50: lita 4,000 ndani ya saa chache. Ardhi iliyo wazi ingemeza sehemu yake. Zege halimezi, linayasukuma karibu yote kule lilikoinamishwa, na fundi huliinamishia getini kwa sababu hakuna anayetaka maji yarudi ndani. Nje ya geti kuna njia, na ng'ambo ya njia kuna mlango wa mtu.

Mlango huo ni wangu. Nyumba ninayopanga iko bondeni kwa nyua mbili zilizomwagwa zege. Masika yaliyopita tulilala na viroba vya mchanga kizingitini, na alama ya tope mpaka leo iko ukutani sebuleni, sawa na makalio ya kochi. Hakuna jirani aliyekusudia kutuzamisha. Kila mmoja alifanya alichoambiwa na fundi wake, akaona kazi imekwisha.

Ndiyo maana nilikwenda kwa rafiki yangu Chumbageni, ambaye nusu ya ua wake ina nyasi bandia na nusu ni zege, nikaomba ndoo. Nyasi zake zilitandikwa na mtu anayejua: udongo ulichimbwa kina cha kama sentimita 15, ikamwagwa kokoto, ikashindiliwa, juu yake vumbi la kokoto, ndipo likaja zulia lenye vitundu mgongoni. Nikamimina lita 20 kwa mkupuo. Maji yalisita kidogo kati ya nyuzi, yakazama. Nilihesabu hadi kumi na mbili, nikapapasa, mkono ukatoka na unyevunyevu tu. Ndoo ya pili niliimimina kwenye zege. Yalipita juu ya kandambili zangu, yakatoka chini ya geti, yakaingia barabarani.

Kwa hiyo anayesema nyasi bandia ni urembo mtupu huenda ameziona zilizotandikwa vibaya, na hizo ziko nyingi. Zulia lililobandikwa juu ya zege linabaki zege lenye rangi ya kijani, na lisipokuwa na mteremko maji hutuama chini yake yakanuka. Kazi yote iko kwenye kokoto zilizo chini.

Joto ndilo pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote. Saa saba mchana wa Februari nyuzi zile zinachoma kuliko zege, na mtoto peku hatakaa hapo. Plastiki haina maji ya kuvukiza kama ukoka. Lakini jua likipungua inapoa upesi, ilhali zege linashikilia joto lake mpaka usiku, na watoto wa Tanga hucheza nje jioni. Moto nao ni adui kweli. Kwa rafiki yangu kaa moja la chetezo lilidondoka siku ya maulidi, likaacha tundu la ukubwa wa sarafu, kingo zake nyeusi na ngumu kama kucha.

Kuhusu plastiki, shangazi ana hoja. Nyuzi zinachakaa, zinakatika, na baada ya miaka kumi hivi zulia zima ni taka. Umoja wa Ulaya mwaka 2023 ulipitisha sheria ya kuondoa sokoni vichembe vya mpira vinavyojazwa kwenye viwanja vya michezo vya namna hii. Nyumbani unaweza kujaza mchanga, na hilo linapunguza tatizo bila kulimaliza. Ila mizani iwe moja: utengenezaji wa saruji unatoa karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa ya dunia nzima. Tena zulia, ukilichoka, unalikunja, unazoa kokoto, unapanda mchicha. Zege utaliita nyundo.

Ukoka halisi ungeyashinda yote mawili. Mdogo wangu anasafiri wiki tatu kila mwezi, hana wa kumwagilia kiangazi, na sitamshauri apande kitu kitakachokufa kabla ya vuli.

Nimemwambia hivi: zege liwe njia ya gari kutoka getini na eneo la nyuma ya jiko, mita 25, basi. Mita 55 zilizobaki zitandikwe nyasi juu ya kokoto, na fundi asilipwe mpaka shimo lipimwe kwa futi mbele yake. Fundi amenuna, anasema ni kuchimba kwa bure. Lakini ikinyesha ile milimita 50, lita 2,750 zitaangukia penye pa kuzamia, na chini ya Kange nako kuna watu wamelala.