Kinacholeta mvua Tanga: upepo au unyevu?

Hapa Tanga kuna mabishano ya siku nyingi kuhusu kinacholeta mvua. Wazee wa baharini husema ni upepo: kusi ikishika, masika yamefika, na kaskazi ikivuma, nchi hukauka. Wengine, waliozoea kufuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, hujibu kwamba mvua ni unyevu ulio hewani, na upepo ni mchukuzi tu. Kwa maoni yangu kila upande una hoja nzito, ila pande zote mbili husahau jambo moja, nalo ni kile kinachoipandisha hewa juu.

Hoja ya wazee inaonekana wazi milimani. Kusi hufika kwetu ikiwa imepita juu ya Bahari ya Hindi kwa maelfu ya kilomita, na inapokutana na Usambara Mashariki haina budi kupanda. Hewa inayopanda hupoa, na hewa iliyopoa hushindwa kuubeba mvuke wake wote, hivyo mawingu hutanda na mvua hunyesha. Ndiyo sababu Amani, kwenye kimo cha mita 900 hivi, hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, ilhali mjini Tanga ni yapata 1,300, na upande wa pili wa milima, kuelekea Mkomazi, ni vichaka vya miiba. Anayetoka mjini kwenda Amani huiona tofauti hiyo mashambani: mkonge tambarare, chai juu.

Lakini tuutazame mwezi wa Januari. Kaskazi inavuma, jasho halikauki mwilini, chumvi inalowa ndani ya kopo, na bado siku hupita bila tone la mvua. Upepo upo, unyevu upo, mvua haipo. Wakati huo ukanda ambamo pepo za kaskazini na za kusini hukutana umelifuata jua hadi kusini mwetu, na kaskazi hupita sambamba na pwani bila kukutana na upepo wa kuizuia na kuisukuma juu. Ukanda huo hutupitia mara mbili kwa mwaka, ukipanda na ukishuka, na ndiyo asili ya masika na vuli. Ajabu ni kwamba hupita wakati wa maleleji, pepo zinapogeuka na tanga kulegea. Kwa hiyo mvua nyingi hazitegemei upepo mkali kama tunavyodhani. Mwezi Julai kusi huvuma kwa nguvu kuliko wakati wowote, na mvua hupungua, kwa kuwa sehemu kubwa ya unyevu wake hupita pwani ya Kenya na Somalia na kuvuka bahari kwenda kuinyeshea India.

Hoja ya unyevu nayo hupata nguvu tunapolinganisha mwaka na mwaka. Vuli ya 2019 ilikuja katika miezi yake ya kawaida, ila bahari ya upande wetu ilikuwa na joto kuliko kawaida na ile ya karibu na Indonesia ilikuwa imepoa, na Oktoba mafuriko yakazikumba Handeni na Korogwe. Mwaka 2022 mambo yaligeuka: joto lilikuwa upande wa Indonesia, vuli ikawa haba, na mto Ruvu ukapungua hadi Dar es Salaam ikaingia kwenye mgawo wa maji. Majira ya pepo hayakubadilika, kwa hiyo kalenda ya nahodha isingeweza kuzitofautisha vuli hizo mbili. Tena, kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, jambo linaloifanya mvua kubwa kuwa kubwa zaidi.

Kwa hiyo, katika kukadiria wingi wa mvua za msimu, nawaunga mkono wanaopima joto la bahari. Kwa mvuvi wa Sahare anayeamua alfajiri kama atoke au asitoke, bado naona mzee anayezijua pepo za alfajiri, umande utokao bara na matlai utokao baharini, ana la kumwambia ambalo utabiri wa mkoa mzima hauwezi kumpa. Mwenye mzigo mzito zaidi ni mkulima wa Muheza: manyunyu ya kwanza ya Machi yanaweza kuwa ya wingu moja lililopita, na kabla hajaifukia mbegu ya mahindi anahitaji kujua kama ukanda wa mvua wenyewe umewasili.