Kupeleka logi za seva nje: kipi kinafaa kutoka, na kwa njia gani

Kwenye nginx, programu inayohudumia tovuti, mstari mmoja unatosha kutuma logi (rekodi za kila ombi) nje kwa syslog, itifaki ya kusafirisha logi: `access_log syslog:server=logi.mfano.co.ke:514,tag=nginx combined;`. Ukipakia upya usanidi, kila ombi linaloingia kwenye tovuti linaandikwa kwa mtoa huduma wa mbali, awe Nairobi au Frankfurt. Kwa kuwa ni rahisi hivyo, wengi hawafiki kwenye maswali mawili ya msingi: mtandao ukikatika itakuwaje, na ndani ya mistari hiyo kuna nini hasa.

Wanaotetea kupeleka logi nje wana hoja nzito. Mdukuzi aliyepata root (mamlaka yote ya seva) anaweza kufuta `/var/log` yote, lakini nakala iliyokwisha kufika kwingine hawezi kuigusa, ilimradi ufunguo uliowekwa kwenye seva unaruhusu kuandika tu. Diski ikifa, ni vivyo hivyo. Na mwenye seva nne nyuma ya kigawanya mzigo anajua adha ya kutafuta ombi moja la mteja aliyelalamika, akiingia seva moja baada ya nyingine kwa SSH na `grep` mkononi.

Hoja ya muda wa kuhifadhi, kwa maoni yetu, ni dhaifu zaidi. Ni kweli kwamba usanidi wa logrotate (programu inayozungusha na kufuta logi za zamani) unaokuja na nginx kwenye Debian una `rotate 14` kwa mzunguko wa kila siku, kwa hiyo uvamizi ukigunduliwa wiki ya tano ushahidi umeshafutwa. Ila hilo linatibika hapohapo kwa kuandika `rotate 90`. Tovuti inayopokea maombi 20 kwa sekunde huandika mistari 1,728,000 kwa siku. Kwa wastani wa baiti 250 kila mstari, ni megabaiti 432. Siku 90 ni karibu gigabaiti 39, na gzip ikizibana mara kumi, zinabaki kama 4. Mtoa huduma anayetoza kwa gigabaiti inayoingia atahesabu takriban 13 kila mwezi kabla ya kubanwa, na ukizigeuza kuwa JSON, majina ya vipengele yanayorudiwa kila mstari yataongeza mzigo.

Kikwazo kikubwa kwa upande wa pili ni njia yenyewe. Ule mstari wa nginx hutuma kwa UDP, njia isiyosubiri jibu la mpokeaji. Mpokeaji akizimika au kifurushi kikipotea njiani, hakuna anayetuma tena, na logi hiyo haimo popote isipokuwa umeacha pia `access_log` ya pili inayoandika kwenye faili. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Siku kama hiyo ndiyo unayohitaji logi kujua wateja wameathirika vipi, na ndiyo siku ambayo UDP kuelekea Ulaya inazidondosha kimyakimya.

Kuna na urefu. Muundo wa zamani wa syslog, ule wa RFC 3164, una kikomo cha baiti 1,024, na wapokeaji wanaoufuata hukata kinachozidi. Kiungo kilichobofywa Facebook huja na mkia mrefu wa `fbclid`, nao hujitokeza kwenye anwani na tena kwenye ukurasa uliotangulia (referer). Kinachokatwa ni cha mwisho, na katika muundo wa `combined` cha mwisho ni jina la kivinjari, kile unachokitegemea kutambua roboti. Muundo huohuo hauandiki mwaka wala ukanda wa saa. Seva iliyo kwenye saa za Afrika Mashariki ikimtumia mpokeaji anayedhani kila kitu ni UTC (saa tatu nyuma ya Afrika Mashariki), mistari inaangukia saa tatu mbele. Ukitafuta "dakika 15 zilizopita" unakuta patupu, na mtu huishia kuchokonoa ukuta wa moto usio na kosa lolote.

Wengi hukimbilia TCP, njia inayotuma tena kifurushi kilichopotea, wakidhani wamemaliza. Sivyo. TCP ya kawaida ya syslog haina uthibitisho wa kupokelewa na programu ya upande wa pili, kwa hiyo mistari iliyokuwa kwenye bafa (hifadhi ya muda) muunganisho ulipovunjika hupotea. RELP, itifaki nyingine ya kutuma logi, ndiyo inayothibitisha. Baya zaidi ni mgando. Apache (programu ya tovuti kama nginx) inayotuma logi kwa bomba kwenda programu nyingine hukwama bomba likijaa, na bomba la Linux kwa kawaida hubeba kilobaiti 64 tu. Tovuti nzima inasimama kwa sababu mpokea logi amelala. Kwenye rsyslog, programu ya Linux inayokusanya na kutuma logi, kutuma kwa TCP bila foleni ya pekee kunaweza kujaza foleni kuu na kuzivuta programu nyingine za mashine zinazoandika syslog.

Kwa hiyo faili la ndani libaki asili, na kinachotoka kiwe nakala. Rsyslog ilisome kwa moduli ya `imfile`, kisha itume kwa moduli ya `omfwd` yenye `queue.type="LinkedList"`, `queue.filename`, `queue.maxDiskSpace="2g"`, `queue.saveOnShutdown="on"` na `action.resumeRetryCount="-1"`. Hiyo ya mwisho isisahaulike, kwani thamani yake ya awali ni 0, yaani hairudii kujaribu. Fluent Bit, programu nyingine ya kutuma logi, ina mtego kama huo: `Retry_Limit` huanza na 1, maana yake inajaribu tena mara moja na kutupa. Weka `no_limits`, na `storage.type filesystem` ili foleni iwe kwenye diski. Kuandika poti 6514, iliyotengwa kwa syslog iliyosimbwa, nako hakusimbi chochote. Lazima uwashe TLS (usimbaji wa njia) na kukagua cheti cha mpokeaji.

Halafu kuna kilichomo. Anwani ya IP pamoja na saa na ukurasa ni taarifa za mtu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zote zinaweka masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Lakini hata pasipokuwa na sheria, angalia mstari huu: `GET /nenosiri/badili?tokeni=9f3c...&simu=2557...`. Yeyote anayeweza kuusoma kwa mtoa huduma anaweza kuitumia tokeni hiyo kubadili nenosiri kabla ya mwenyewe. Wengine hubadilisha `$request` kuwa `$uri` na kudhani wamepona, ila `try_files` ikishapeleka ombi kwa PHP, `$uri` huwa `/index.php` kwa kila mstari na logi haina faida tena. Tumia `map`, ikate kila kitu kuanzia alama ya `?`:

```
map $request_uri $njia {
    default $request_uri;
    "~^(?<p>[^?]*)\?" $p;
}
```

Weka `$njia` badala ya `$request` kwenye `log_format`, kisha fanya hivyohivyo kwa `$http_referer`. Ukurasa wa kubadili nenosiri ukipakia picha na CSS za tovuti yenyewe, kivinjari hutuma anwani yake nzima kama referer, na tokeni uliyoifuta pale juu inarudi mara kumi.

Kwa tovuti ya seva moja isiyopitisha malipo, tunaona inatosha kutuma nje logi za makosa na za kuingia SSH, na kuacha za maombi kwenye diski. Penye fedha au seva zaidi ya mbili, zote zitoke, zikiwa zimechujwa, na bila maombi ya ukaguzi wa afya: kigawanya mzigo kinachogonga `/healthz` kila sekunde 5 huzalisha mistari 17,280 kwa siku isiyosomwa na yeyote.

Kabla ya kuamini mpango wowote, zuia njia kwa dakika kumi kwa `iptables -A OUTPUT -p tcp --dport 6514 -j DROP`, tovuti ikiwa kazini. Ondoa kizuizi, subiri foleni iishe, kisha linganisha idadi ya mistari ya faili kwa muda huo na iliyofika kule.