Gécamines haikuwa mama yetu

Wazee wa Lubumbashi, huku Kongo, wakianza kusimulia enzi za Gécamines, kampuni ya serikali ya kuchimba shaba, kuwanyamazisha ni kazi. Shule bure, hospitali bure, mposho wa unga na samaki unafika nyumbani. "Kazi njo baba, kazi njo mama," yaani kazi ndiyo baba, ndiyo mama. Kisha wanageukia wanawake: zamani mke alimheshimu bwana, ndoa zilidumu, si kama hawa wa leo wanaoshinda njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, wakichuuza. Mimi nami ni mtoto wa cité, mtaa wa wafanyakazi wa kampuni, unga huo nimeula. Ila hapo kwenye wanawake sikubaliani nao.

Kwingine viwanda vilimtoa mwanamke nyumbani. Kule Lancashire, Uingereza, katika karne ya 19 viwanda vya pamba vilijaa wanawake na wasichana. Walilipwa kidogo kuliko wanaume, na mpaka sheria ya 1870 mshahara wa mke ulihesabiwa kuwa wa mumewe. Hata hivyo mshahara ulikuwapo. Huku kwetu mambo yalikwenda kinyume kabisa.

Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyokuja kuwa Gécamines, ilianzishwa 1906, na shaba ya kwanza ikayeyushwa hapa 1911. Mwanzoni ilitaka wanaume peke yao. Mke ni gharama. Wanaume wakawa wanatoroka, wengine wanakufa kwa magonjwa, na kutafuta wapya kila mara kukawa ghali. Ndipo katika miaka ya 1920 kampuni ikapiga hesabu upya: mwenye mke hutulia, na wanawe ndio wafanyakazi wa kesho. Mke akaletwa kambini kwa hesabu hiyo.

Kijijini mama huyo alikuwa na shamba lake, na ghala alilijua yeye. Kambini akawa fungu kwenye kadi ya mposho ya bwana: mke kiasi hiki, mtoto kiasi hiki. Kwenye foyer social, kituo cha mafunzo ya wanawake, alifundishwa kushona, kufuma, kupiga pasi na kuogesha mtoto. Ufundi wa kulipwa ulikuwa wa wavulana. Nyumba ilifuata kazi ya bwana, si ndoa yake. Ndoa zilidumu, ndiyo. Angekwenda wapi?

Halafu ikaja miaka ya 1990. Mgodi wa Kamoto uliporomoka 1990, nchi nayo ikaporomoka, mishahara ikawa ya kungojewa miezi na miezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoshwa kwa kile kilichoitwa "départ volontaire", kuondoka kwa hiari. Hiari gani hiyo, sijui.

Nyumbani kwetu gunia la mposho liligeuka meka moja, kopo la kupimia, ya unga, ya siku hiyo tu. Mama alikuwa amekwisha kuanza kukaanga vitumbua kabla hapajakucha na kuvipeleka soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Jioni alikuwa anampa baba pesa azihesabu, mbele yetu sote na mbele ya mgeni kama yupo. Baba anahesabu polepole, anaitikia kwa kichwa, anamrudishia. Deni la muuza unga mama alikuwa ameshalilipa akiwa njiani. Kila mtu pale ndani alijua, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Sisemi njaa ilimkomboa. Akirudi kutoka sokoni bukari, yaani ugali, bado ilimngoja yeye aisonge; baba mwiko hakuushika hata siku moja. Na sheria ilikuwa nyuma kabisa: Code de la famille, sheria ya familia, ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume katika shughuli nyingi za kisheria, hata kama mume mwenyewe analishwa na mke huyo. Ruhusa hiyo iliondolewa 2016. Kifungu kinachosema mume ndiye kichwa cha nyumba kimebaki.

Kwa hiyo mzee akisema soko ndilo lililowaharibu wanawake, mimi humwuliza swali moja tu: mwaka ule mishahara ilipokatika, karo ya watoto wako ililipwa na nani? Wengine hukasirika. Mmoja, fundi wa zamani wa tanuru, alinyamaza kidogo akataja jina la mkewe.