Usaili au sendofu?

Jamani, nani mwingine hapa Kigoma ameshafanyishwa "usaili wa vitendo" kwenye duka la vipodozi? Unaambiwa uje na modo wako, brashi zako, sponji zako. Haya. Nimemtoa binti wa shangazi Ujiji hadi Mwanga: bajaji juu yangu, soda juu yangu, hata kununa kwake juu yangu. Nafika, mezani fandesheni tatu, zote rangi ya unga wa sembe! Modo wangu mweusi tii, nimpake nini, nimgeuze mzimu? Rangi hujaribiwa kwenye taya, kwenye mwanga wa jua. Mimi nimewekwa kona, chini ya taa ya bluu, feni imekufa, poda inageuka uji.

Halafu bosi: "Hebu mfanyie na mdogo wangu, nione spidi." Nikamfanyia. Mara wifi. Mara mama mdogo. Nyusi, wanja, kope, watu wanne mfululizo! Kumbe jioni wana sendofu. Usaili gani huo una keki?

"Tutakupigia." Wiki ya tatu hii. Na gundi yangu ya kope wamebaki nayo.