Sayansi ya shule ya msingi: mtoto ashike kopo au akariri notsi?

Kila matokeo ya darasa la saba yakitoka huu ubishi lazima urudi, na juzi umerudi tena kijiweni kwetu Mwanjelwa, Mbeya: watoto wa msingi wafundishwe sayansi kwa vitendo kama mtaala unavyotaka, au mwalimu awape notsi wakariri, wafaulu, waende kidato cha kwanza, mengine watayakuta mbele ya safari. Nilichogundua ni kwamba wanaotetea vitendo wengi hawajawahi kusimama mbele ya watoto themanini na kitu, na wanaotetea notsi wengi hawajawahi kumuuliza mtoto aliyekariri kwamba hicho ulichokariri maana yake nini. Mimi nimekaa pande zote mbili kwa hiyo mnivumilie.

Nianze na notsi maana upande huu unadharauliwa bure. Mwaka niliofanya mazoezi ya kufundisha nilipangiwa shule moja upande wa Rungwe, huko milimani, darasa la tano, mkondo mmoja watoto 87, kipindi dakika 40. Tangu elimu bila ada ianze 2016 madarasa ya namna hiyo ni ya kawaida tu, wala sio hadithi ya kutisha. Piga hesabu: dakika 40 ukigawa kwa watoto 87 kila mmoja anapata chini ya nusu dakika, na hapo hujaita majina, hujafuta ubao, hujatoka kuamulia waliogombana. Alafu mtihani wenyewe wa mwisho maswali mengi ni ya kuchagua, mtoto anashedi herufi basi. Mwalimu anapimwa kwa hizo herufi, mzazi naye anaangalia hizo hizo, kwahiyo ukimwambia mwalimu aache kukaririsha unamwambia aache kitu pekee anachoulizwa. Na kuna jambo jingine watu wa vitendo hawalisemi: mtoto asiyejua neno usanisinuru (mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua) wala klorofili (ile rangi ya kijani ya jani) utamwonyesha jani mpaka jioni na yeye ataona jani. Maneno nayo ni kifaa.

Sasa mimi nilikuwa na moto wa chuo, nikaenda na vitendo. Mada ilikuwa kuota kwa mbegu, nikawagawa makundi, kila kundi lilete kopo na maharage. Siku ya kwanza nusu ya kipindi iliishia kugombania makopo. Kundi moja lilileta kopo la mafuta ya kujipaka halijaoshwa vizuri, mbegu zikaoza. Kundi lingine, na hili ndo sitalisahau, maharage yao walikuwa wameyachemsha nyumbani kwanza, nusu mabichi nusu yaliyochemshwa, eti waone kama yaliyoiva nayo yanaota. Mimi nilifanyaje? Nilikasirika. Nikawaambia hamfuati maelekezo, mmeniharibia jaribio. Yaani wale watoto wa miaka kumi na moja ndo walikuwa kundi pekee lililofanya sayansi mle ndani, wameweka kitu cha kulinganisha bila kufundishwa na mtu, na mwalimu anawagombeza.

Binti mmoja wa kundi hilo akaniuliza, mwalimu mbona maharage kwa bibi kule Kyela yanaiva haraka kuliko huku? Nikajibu bila kufikiria, ni aina ya mbegu, haya andikeni. Kumbe huku juu maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100. Kyela iko kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 98 hivi, Mbeya mjini ni kama mita 1,700 na yanachemka kwenye 94, hewa ikiwa nyepesi maji yanawahi kutokota ila hayajawa ya moto kama ya chini. Ndo maana mama zetu wanamaliza mkaa kwenye maharage. Aina ya mbegu nayo inachangia, na maharage yaliyokaa sana ghalani ni magumu kuiva, kwahiyo jibu langu halikuwa uongo mtupu, ila sikulijua, nililitupa tu ili niendelee na somo.

Na kwenye zoezi la mwisho wa wiki mkondo wa jirani, wa notsi tupu, walitupita. Niliona aibu kweli.

Kwahiyo naegemea wapi? Kwenye vitendo, ila sio kwa sababu zinazosemwa. Hoja ya kwamba hatuna maabara naiona ni kisingizio kwa ngazi ya msingi. Chemsha choya, yale maua mekundu ya juisi, ipoe, gawa kwenye glasi mbili, moja weka ndimu, nyingine maji ya magadi, rangi zinaachana mtoto anaona kwa macho yake asidi na besi ni nini, na vyote vinapatikana sokoni. Kinachokosekana ni mwalimu kuwa na ruhusa ya kusema sijui, tuangalie. Mwenye notsi hawezi kusema hivyo maana notsi zina majibu yote.

Iringa hapo tuna mfano tunaoupuuza. Erasto Mpemba, mwaka 1963 akiwa sekondari ya Magamba, Tanga, aliweka mchanganyiko wa ice cream wa moto kwenye friza na ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu akamwambia umechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akataniwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, mpaka alipomuuliza Denis Osborne, mhadhiri aliyekuja kutoka Dar, ambaye badala ya kucheka alienda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wanasayansi mpaka leo wanabishana kama jambo lenyewe linatokea kweli au ni namna ya kupima tu, na hata ikija kuonekana halitokei, bado wale waliocheka hawakuwa wamepima chochote.

Ila nao watu wa vitendo wasitambe sana, maana vingi vinavyoitwa vitendo ni notsi zilizowashiwa mshumaa. Unalijua lile la mshumaa kwenye sahani ya maji, unafunikwa glasi, unazimika, maji yanapanda? Mwalimu anafanya mbele, watoto wa nyuma wanaona migongo ya wenzao, na jibu lilishaandikwa ubaoni kabla ya kiberiti: oksijeni imeisha maji yamechukua nafasi yake. Angalia vizuri siku moja, maji yanapanda sana pale mshumaa unapokuwa umeshazimika, sababu kubwa ni hewa ya moto iliyopoa ikasinyaa. Tumelifanya miaka yote kwa vitendo na tumekariri maelezo yenye kasoro.

Nadhani kinachowezekana kwa mwalimu wa watoto 87 ni jaribio moja kwa mada, mengine yote notsi, wala asione haya. Ukimdai mawili matatu utapata maigizo ya siku ya mdhibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule. Na mtihani ubadilike kidogo, hata huo wa kushedi unaweza kumpa mtoto habari ya kundi lililopanda maharage mabichi na yaliyochemshwa, akachagua walitaka kujua nini.

Lile swali la Kyela ningelipata leo ningewaambia wanunue kilo moja kutoka gunia moja, nusu ichemshwe huku, nusu iende kwa bibi yake, sufuria za saizi moja, saa ya simu. Nauli ya Coaster ndo gharama yote.