Birika la Mtaliano

Malindi yetu hii, Mtaliano akitaka kurudi kwao huuza mpaka pazia. Ndivyo nilivyolipata lile birika: alumini, pembe nane, kiuno chembamba kama cha nyigu. Shilingi 300. Kijana aliyeniuzia, ambaye Kitaliano chake kimeshakishinda Kiswahili chake, akaniambia linaitwa moka na Italia wanalo tangu 1933. "Maji chini, unga wa kahawa katikati, motoni kahawa inapanda juu yenyewe."

Inapanda juu yenyewe! Mie niliyelelewa kwa kahawa ya dele, nikaona Ami lazima aushuhudie uchawi huu.

Ami wangu hakosi barazani baada ya Isha, na sijamsikia hata siku moja akisifu kahawa ya mtu. Nikamwalika Ijumaa, ametoka kuswali, kanzu nyeupe pe, imepigwa pasi hadi inakwaruza. Nikamwekea sahani ya halua ukumbini. Hakukaa, akaja kusimama mlangoni pa jiko.

Sasa, kahawa niliyokuwa nayo ni ile yetu ya kutwangwa, laini kama wanja, na tangawizi humo humo. Kwenye dele haina neno: inachemka, inatua, unamimina. Mie nikaijaza kwenye kile kichujio hadi pomoni, kisha nikaishindilia kwa mgongo wa kijiko kama fundi anayeshindilia msingi wa nyumba. Si nataka kali? Maji nikayatia mpaka yakakifunika kile kidude cha shaba kilichoko ubavuni. Kilikuwa na ukoko mweupe, nikadhani ni pambo lililochakaa.

Dakika tano, kimya. Kumi, kimya.

"Mwanangu, lapumua hilo?"

"Linajikusanya, Ami." Nikaongeza gesi.

Likaanza kupiga mluzi. Si mdomoni, kiunoni, pale kwenye mpira. Povu la kahawia likachungulia, likarudi ndani, kama mtu aliyesahau kitu. Nikanyoosha mkono nizime.

Puu!

Yule kijana alikuja kunieleza baadaye, huku akicheka bila adabu: unga laini ule ukishindiliwa, maji hayana pa kupitia, na kile "pambo" ndicho kitundu cha kutolea mvuke ukizidi. Changu kilikuwa kimeziba, basi mvuke ukajitafutia njia kwenye mpira uliozeeka.

Alhamdulillahi, hakuungua mtu. Dari ilipata yake, ukuta ukapata wake, na kalenda ya msikitini ikapoteza mwezi mzima wa Rajabu. Moshi ulipopungua nikamwona Ami pale pale mlangoni, kanzu ina madoadoa kama chui, ndevu zimerudi nyeusi kama za ujana wake.

Nikasubiri matusi. Akatoa ulimi, akaulamba mdomo wa juu pole pole, akafumba macho.

"Tangawizi umezidisha."

Kisha akarudi ukumbini kwenye halua yake.