Kabla hujang'oa turbo mbili, angalia mpira wa elfu nane

Wiki iliyopita kijana mmoja alinifuata kituo cha mafuta, akainama kuchungulia chini ya bampa, kisha akauliza: "Braza, hii inapuliza ngapi?" Yaani presha ya turbo, zile feni zinazozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi. Hakuuliza naweka oili gani. Hakuuliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Angeuliza hayo ningemnunulia soda.

Gari lenyewe ni Mark II ya 1994, bodi ileile ya GX 90 ambayo nusu ya Dar imewahi kupewa lifti ndani yake. Tofauti iko chini ya boneti. Nyingi zilizokuja huku zina 1G ya lita 2, injini isiyo na makuu, ukiisahau miezi sita bado inakusamehe. Yangu ni Tourer V, ina 1JZ-GTE: silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa cc 2,492, na turbo mbili ndogo ubavuni. Ya mbele inazungushwa na moshi wa silinda tatu za mwanzo, ya nyuma na moshi wa tatu za mwisho. Kwenye makaratasi ina nguvu farasi 280, na hiyo 280 nayo ina mambo yake. Kuanzia 1989 watengenezaji wa Japani walipatana kwamba gari la kuuzwa kwao lisitangazwe kuzidi hapo, na wakaishikilia adabu hiyo hadi 2004. Ndiyo maana Supra na Skyline GT-R, magari ya kukimbia, na hii sedani ya baba mwenye nyumba zote zimeandikwa namba ileile. Aliyewahi kuziendesha anacheka.

Sasa huku mtaani 1JZ ya turbo mbili ina sifa mbaya. "Inakula hela," "turbo zake zinakufa ovyo." Mimi nimekaa na hii mwaka wa sita, na naona tunaisingizia. Pesa nyingi nilizopoteza kwenye gari hili zilikwenda kwenye vitu ambavyo havikuwa vibovu.

Mwaka juzi lilianza ugonjwa. Nikikanyaga gia ya tatu linavuta vizuri, halafu ghafla linakata kama mtu kazima swichi, kichwa kinaruka mbele, kisha linarudi. Fundi wa kwanza akasema pampu ya mafuta. Nikanunua pampu, na wiki ileile likakata tena. Wa pili akasema koili na plagi. Huyu nimtendee haki, alikuta kitu: gasketi ya kava ya valvu ilikuwa imekauka, oili imejaa kwenye visima vya plagi, na soketi za koili zilipoguswa zikameguka kama biskuti ya chai. Tukabadilisha vyote, likatulia likiunguruma bila kukanyagwa, lakini kukata kukabaki palepale. Wa tatu hakugusa hata spana. Aliangalia, akafuta mikono, akasema: "Bosi, hizi mbili ni usumbufu. Tuzing'oe, tufunge moja kubwa. Kuna mtu wangu anayo."

Wa nne ni mzee ambaye aliomba tochi tu. Akapitisha kidole chini ya mipira ya vakyumu, mmoja baada ya mwingine, taratibu kama anayechambua mchele, mpaka akafika kwenye kampira kenye urefu wa kidole gumba. Kalikuwa kamepasuka upande wa chini, usioonekana. Kampira hako ndiko kanakopeleka presha ya hewa kwenye kikopo kinachofungua geti la turbo, ili moshi ukizidi upite pembeni badala ya kuendelea kuzungusha feni. Kakivuja, geti halifunguki, presha inapanda, na kompyuta ikiona hatari inakata mafuta kuiokoa injini. Kumbe muda wote gari lilikuwa linajiokoa, mimi nakimbizana na pampu. Nilitoa shilingi elfu nane, pamoja na bana zake mbili.

Na lingekuwa halikati, ningelia zaidi. Kwenye turbo hizi, feni ya upande wa moshi ni ya kauri. Toyota waliipenda kwa sababu ni nyepesi, inakamata mzunguko haraka. Lakini kauri ni kauri, kama sahani ya mama. Presha ya kiwandani ni bar 0.7 hivi. Ukianza kuisogeza kwenye bar 1, feni inaweza kukatika kwenye shafti yake siku yoyote, bila kubisha hodi. Kwa hiyo kijana wangu wa kituo cha mafuta, jibu ni hilo: inapuliza ile ya kiwandani, na itabaki hapo.

Oili ndiyo yenyewe. Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na hailali juu ya gololi, inaelea kwenye utando mwembamba wa oili. Toyota kule kwao walielekeza magari ya petroli yenye turbo yabadilishwe oili kila kilomita 5,000 au miezi 6. Mimi nabadilisha kila 3,000, maana saa nzima ya foleni ya Ubungo injini inazunguka na dashibodi haijasogea kilomita mbili. Ukitoka kukimbiza gari usilizime papo hapo, oili iliyobaki kwenye shafti inaungua inakuwa masizi. Ila wale wanaotoka kwenye foleni polepole halafu wanaacha injini inaunguruma uani dakika tano, hayo ni maonyesho ya majirani. Endesha taratibu kilomita mbili za mwisho, inatosha.

Kuna jambo linaniudhi kuliko yote: themostati, kile kivalvu kinachozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate joto. Ukipeleka gari gereji limechemka, la kwanza wanalotoa ni hilo. "Nchi yetu ya joto, halihitajiki." Langu nililinunua halina. Themostati hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, ukishika barabara ya Bagamoyo usiku injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani ndiyo kwanza gari limewashwa, inazidisha petroli, na petroli ile inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka chini kuchanganyika na oili. Nilichomoa kijiti cha oili, nikanusa, kilinuka kituo cha mafuta. Juu ya hapo wanajazia maji ya bomba, na turbo hizi hupozwa kwa maji pia, njia zake nyembamba. Kutu ikianza kutembea humo, unangoja nini?

Wanaotaka turbo moja wana hoja, sikatai. Mwaka 1996 Toyota wenyewe waliziacha mbili, wakafunga moja pamoja na VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, na kilele cha nguvu ya kuvuta kikaja chini zaidi, kwenye mizunguko 2,400 kwa dakika badala ya 4,800. Lakini walibadilisha na silinda hedi na kompyuta. Hawakutoa ya mtumba kwenye gunia wakachomelea bomba.

Kwa sasa gari limepaki chini ya mwembe. Bomba la oili la turbo ya nyuma linavuja kwenye washa, ile pete ya kuzibia kwenye bolti, na washa za shaba nimeagiza, ziko njiani. Fundi wa jirani ameshaniambia mara mbili kwamba anaweza kuziba kwa gundi ya silikoni, dakika kumi tu. Kipande cha gundi kikimeguka kinakwenda moja kwa moja kwenye kitundu cha oili. Nimemwambia asante. Napanda daladala, wiki ya pili hii.